Turubai la Mtoto Aliye Hai

Kaka yangu mpendwa,

Salamu zikufikie wewe, wifi na watoto. Natumai kifua kimeacha kukusumbua. Mimi mwili ni mzima, ila roho imejaa kinyaa. Simu yako haipatikani, ndiyo maana nampa dereva wa basi barua hii. Najua ulichoambiwa. Keti, usome taratibu mpaka mwisho.

Mwanangu alizaliwa akihema kama aliyekimbizwa, midomo na kucha rangi ya wino. Mama mkwe alimtazama mara moja, akamwita Zambarau, akacheka peke yake. Hakumpakata hata siku moja. Kikombe nilichonywea alikishika kwa kitambaa, utadhani moyo mbovu unaambukiza kama upele.

Daktari wa moyo, mama mmoja mpole, alituketisha mimi na mume wangu. Alisema mishipa inayotoa damu safi mapafuni hupaswa kuingia upande wa kushoto wa moyo, ila kwa watoto wachache hupotea njia. Mingine hupanda juu ya moyo ndipo irudi upande wa kulia. Mingine huingia kulia moja kwa moja. Mingine hushuka mpaka kwenye ini. Na kuna iliyochanganyika, huu huku, ule kule. Ya mwanangu ilishuka, tena imebanwa njiani. Hiyo haingoji, akasema, apasuliwe leo hii.

Unajua mume wangu aliuliza nini? "Aina hiyo inatoka kwa mama au kwa baba?"

Daktari akamjibu kwamba hapa hakuna wa kulaumiwa, akamsogezea kalamu. Mume wangu akasema lazima kwanza amwulize mama yake. Akaondoka, hakurudi. Nikatia saini mwenyewe.

Jioni daktari alitoka, barakoa ikining'inia shingoni, akaniambia mishipa imeunganishwa mahali pake. Nikaingia kumwona. Mirija kila mahali, lakini kucha, kaka, ule wino ulikuwa umetoka.

Nikakimbia nyumbani kuwapa habari. Nikakuta turubai uani, viti vimepangwa, mume wangu kaketi katikati anapokea pole. Jirani akaniangukia akilia. Mama mkwe akanivuta pembeni, akaninong'oneza, "Mtoto wa rangi ile hakai. Tumetangulia tu kidogo." Nilitapika palepale, miguuni pake, na sikuomba radhi.

Kwa hiyo hukufiwa, kaka. Mpwa wako yu hai. Leo ametolewa mirija, amenyonya mpaka akasinzia na ziwa mdomoni. Akiruhusiwa kutoka hospitali, tutalala kwa muuguzi mmoja, rafiki yangu, kwa sababu nyumba ile sirudi, na mwanaume yule simtaki hata kwa harufu. Safari uliyofunga usiivunje. Badala ya kuja kuzika, njoo utuchukue.

Wifi mbusu kwa ajili yangu, na watoto waambie wana ndugu mpya.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba