Gome la Tatu

Redondo, Februari

Kwa kaka yangu mpendwa Belmiro,

Natumai barua hii itakukuta wewe, wifi na watoto mkiwa wazima, na baridi ya Luksemburg haijawaingia mifupani. Sisi huku tunapumua. Baba anakula, akilazimishwa. Jana alimaliza bakuli la supu ya mkate na kitunguu saumu, nikashukuru.

Mimi bado nachagua vizibo vya chupa kiwandani, chenye ufa huku, kizuri kule, na mgongo umekuwa wa bibi kizee. Lakini najua unachotaka ni habari za mialoni yako, ile aliyoipanda baba ulipozaliwa. Umekua ukimsikia akihubiri: gome la kwanza gumu, likibanduliwa huota la pili, nalo ni la kusaga, la tatu tu ndilo la vizibo vya mvinyo, na kati ya mavuno na mavuno miaka tisa. Kiangazi kilichopita ndipo la tatu lilipofika. Ulipoandika kwamba utaacha kazi ya ujenzi uje uishi kwa miti yako, baba alizunguka kijiji kizima akimwambia kila mtu, hata mbwa wa kasisi.

Mvua haikunyesha, kaka. Mwaloni wenye kiu hauachii gome. Linang'ang'ania nyama ya mti. Mzee Zeferino, mwenzake baba wa shoka tangu ujana, alipiga pigo moja, akausikiliza mlio, akamshauri baba asubiri mwakani. Baba akamuuliza kama uzee umemtia uvivu. Zeferino hakucheka.

"Jacinto, hapa huvuni gome, unachuna ngozi."

"Mwanangu anarudi Pasaka," baba akajibu. "Nitamwonyesha nini, majani?"

Zeferino alitia shoka lake begani akaenda zake. Baba aliendelea peke yake, na kila gome alilolibandua lilitoka na nyama. Sasa majani yamekauka. Bwana misitu amekwangua mashina yote, hakukuta penye unyevu. Hakuna hata mmoja utakaopona. Magome yenyewe yalichemshwa kiwandani yalainike, lakini yalikuwa yamechanika, na mashine ya kutobolea vizibo ikatoa vipande vitupu. Niliyasukuma mwenyewe kwenye kinu cha kusagia. Niliumia sana, kaka.

Haya baba hataki uyajue. Ameniamuru niandike kwamba mavuno yalikwenda vizuri, ufunge mizigo uje. Jumapili alinipa kopo la rangi nyeupe nichore kwenye kila shina tarakimu ya mwaka wa mavuno, ili atakayevuna tena ajue aanzie wapi kuhesabu. Nikamwambia taratibu kwamba miti imekufa.

"Chora tu, Felismina," akasema. "Mwenyewe anakuja."

Nikachora yote, machozi yakinitoka, yeye akinishikia kopo.

Usiache kazi yako. Huku hakuna cha kurudia. Ukija, uje kumwona baba, basi.

Mpe wifi salamu zangu, na watoto uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Baba amekaa hapa kando yangu. Kusoma hajui, kama unavyojua, na ameomba nimsomee barua kabla sijaifunga. Nitamsomea ile aliyoniamuru niandike.

Dada yako akupendaye,
Felismina