Treni Yangu Inakwenda Kaskazini, Mizigo Yao Inakwenda Kusini

Mpendwa Shangazi Koku,

Shikamoo. Naomba unisaidie kusema "hapana," kwa sababu nimejaribu mbele ya kioo na linatoka vizuri kabisa, lakini nikifika mbele ya mtu mzima ninajikuta nimesema "sawa, mama" na mambo yamekwisha.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, nimemaliza shule mwaka jana, naishi hapa Sydney, mtaa wa St Marys, na wazazi wangu, na mwezi ujao nasafiri kwenda Japani na rafiki yangu Armelle tuliyesoma naye. Tiketi za ndege tunazo, na pasi ya treni ya wiki moja tumeshailipia kwa wakala wa safari kule mjini, kwa sababu pasi hiyo inabidi uinunue kabla hujafika. Mipango yote nimeifanya mimi, maana Armelle ameniambia wazi kwamba yeye kazi yake itakuwa kulala na mimi kazi yangu itakuwa kumwamsha. Na katika mipango hiyo, shangazi, sina wasiwasi hata kidogo. Tutatoka Tokyo kwa treni ya kasi hadi Hachinohe, tutabadili, tutapita kwenye handaki chini ya bahari mpaka Hakodate, tutabadili tena hadi Sapporo, tutalala hapo, kisha tutaendelea kaskazini hadi Wakkanai, ambako reli inaishia. Nimeona picha yake. Reli haipindi wala haigawanyiki, inakoma tu, na hapo ndipo ninapotaka kusimama.

Labda utauliza kuna nini huko. Theluji na upepo, nadhani. Lakini mimi nilitoka Burundi nikiwa nimebebwa mgongoni, nikakulia kambini Tanzania ambako kulikuwa na kizuizi usichokivuka bila kibali, halafu likaja basi la kutupeleka uwanja wa ndege, halafu ndege, halafu gari la kutuleta kwenye nyumba yetu ya kwanza hapa Sydney, na katika safari zote hizo kulikuwa na mtu mwenye karatasi mkononi aliyetuambia pandeni, shukeni. Sasa nataka safari moja ambayo mimi ndiye nasema tunashuka wapi, na nataka kwenda nayo mpaka mwisho. Baba alielewa. Nilimtandikia ramani mezani, akaifuata reli kwa kidole kimyakimya mpaka juu kabisa, akasema, "Haya. Ila unipigie simu kila mnapobadili treni."

Tatizo lilianza pale mama alipofurahi. Wakati wa matangazo kanisani alisimama akawaambia watu wote kwamba binti yake anakwenda Japani, na kabla hatujafika kwenye gari tayari watu walikuwa wamekumbuka jamaa zao walioko huko. Wa kwanza kuja nyumbani alikuwa jirani yetu, Mama Honorine, na mfuko wa unga wa muhogo, dagaa na vitenge viwili, vyote vya mtoto wa dada yake, Libère, anayesoma Nagoya. Nikamwambia, "Mama, Nagoya iko upande wa kusini, sisi tunakwenda kaskazini." Akacheka mpaka akashika mlango. "Japani si kisiwa? Kisiwa kina ukubwa gani? Unateremka, unampa, unapanda tena! Mtoto yule hajala ugali wa maana tangu aondoke Bujumbura." Nikasema sawa, mama.

Akaja Mzee Rénovat na sanduku lililozungushiwa utepe wa gundi pande zote, la mdogo wake wa Osaka. Nikamwuliza ndani mna nini. "Wewe beba tu, mwanangu. Mwenyewe atajua." Nikasema sawa, mzee. Halafu Mama Nibigira, ambaye yeye hana mzigo, ila anataka nifike Hiroshima kwa kijana wake niangalie kama ameoa bila kumwambia. "Usimwulize kitu," aliniambia. "Wewe ukifika mlangoni hesabu viatu tu. Vya kike utavijua."

Mimi na Armelle huwa tunafanya mazoezi ya kubadili treni kwenye kituo cha Blacktown, tunashuka na mabegi yetu, tunapanda ngazi, tunavuka, tunashuka jukwaa la pili, na siku zote tunawahi. Jumamosi iliyopita tulibeba na mizigo ya watu ili tuone. Mfuko wa unga ulipasukia kwenye ngazi, nikainama kuukusanya, na tulipofika chini mlango wa treni ulifungwa mbele ya pua ya Armelle, naye alikuwa mweupe kwa unga hadi nyusi. Akaniambia, "Hapa tungekuwa Hakodate, sasa tumeachwa. Na wiki yetu ni ile ile moja." Ni kweli. Nikienda kusini kugawa mizigo, Wakkanai haifikiki.

Sasa nimewaza niwaambie watu kwamba safari imevunjika, niwarudishie vitu vyao, halafu mimi na Armelle tuondoke kimyakimya, tukirudi tutasema ilipatikana nafasi ya ghafla. Je, shangazi, hiyo ni mbaya sana? Sitaki kumkosea mtu heshima, ila nataka kufika.

Wako,
Msafiri, St Marys


Mwanangu Msafiri,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka kwa ajili ya viatu vya Hiroshima, mara ya pili nikakasirika, kwanza na wakubwa zako, kisha na wewe.

Ndiyo, hiyo ni mbaya sana. Mama yako alisimama mbele ya kanisa kwa furaha; unataka asimame tena atangaze uongo asioujua? Na baba yako utakapompigia simu kutoka Hakodate, aipokee akiwa amejificha chooni? Umengoja miaka yote hiyo safari ya kwako mwenyewe, halafu unataka kuiiba kama si yako. Ulipe nauli, upange njia, kisha utoroke! Sitaki kuisikia tena.

Sasa tuje kwenye mizigo. Sanduku la Mzee Rénovat lirudishe leo, kabla ya chakula cha jioni. Usiongoje Jumapili. Mzigo ambao hukuuona ukifungwa huupandishi ndege, hata uwe wa askofu. Afisa wa forodha akikuuliza ndani mna nini, utamjibu "mwenyewe atajua"? Mzee akinuna, anune. Yeye atanuna St Marys, wewe ungehojiwa uwanja wa ndege. Mama Nibigira naye mwambie kwa adabu kwamba kijana wake ana simu. Wewe hukuajiriwa kupeleleza viatu vya watu.

Mama Honorine ndiye mgumu, kwa sababu hana ubaya wowote, anampenda tu mtoto wa dada yake. Lakini hebu niambie, baba yako ulimshindaje? Hukusema "hapana" wala "ndiyo." Ulimtandikia ramani. Basi chukua ramani ile ile uende kwa Mama Honorine, mwombe chai, itandike. Shika kidole chake ukiweke Tokyo. Kipeleke Nagoya. Kirudishe Tokyo. Kisha kipeleke mpaka Wakkanai, taratibu, mwache ahisi urefu wa kisiwa anachokicheka. Hapo sema: "Mama, mimi naishia huku. Kesho asubuhi nakuja kukusindikiza posta, nitakuandikia anwani ya Libère na kumwuliza karani nini kinaruhusiwa kuingia Japani." Halafu nyamaza, kunywa chai. Kunyamaza unakuweza, safari hii kutumie vizuri.

Usiniambie huwezi. Msichana aliyepanga treni za nchi nzima na kumfunga Armelle mabegi mgongoni pale Blacktown ana uwezo. Wewe una adabu, na watu wameifanya gari la mizigo.

Jambo la mwisho. Nilipofika kwenye neno Sapporo nilivua miwani. Nina mpwa wangu pale pale mjini, na kabatini kwangu kuna kahawa ya Bukoba ambayo tangu Krismasi inangoja msafiri. Njia yako inapita mlangoni kwake, na unalala hapo. Sikuombi. Kesho asubuhi naipeleka mwenyewe posta hiyo hiyo ya St Marys, na nikimkuta Mama Honorine kwenye foleni akiwa na mfuko wa unga, wewe pembeni yake ukimwandikia anwani, nitajua unafika Wakkanai.

Shangazi Koku