Ngoie iko na miaka ngapi, yaya?

Yaya wangu mupendwa, dada yangu mukubwa,

Huko uliko labda umekwisha kusikia: hapa Élisabethville, bila mimi kambi hii ya bafanyakazi haiwezi kuamka. Hata munganga muzungu, kabla ya kupita mu nyumba za bantu, anauliza kwanza mimi niko wapi. Lakini leo kichwa changu kimevurugika. Ni juu ya mutoto wako Ngoie, uliyeniachia siku ulipofariki.

Juzi sista wa dispanseri alikuja mu masomo kupima batoto. Akaniita. «Bwana, huyu iko na miaka ngapi?»

«Tisa kamili, sista!»

«Tisa? Na meno ya mbele ndiyo anaanza kuangusha sasa? Ni mufupi kuliko benzake bote.»

Nikamwambia sisi mu jamaa tunakua kwa ghafula, mimi mwenyewe nililala mufupi nikaamuka nagonga kichwa ku mulango. Hakucheka. Akasema mutoto wa masomo anakua polepole, anahitaji maharagi, samaki, usingizi wa kutosha na michezo, tena tusimuite «kafupi» mbele ya bantu. (Mimi ndiye namuita vile.) Halafu akasema: «Kama ni tisa, juma hili tunamulaza hospitali, tumutafute ugonjwa. Kama ni saba, anakua muzuri, murudishe nyumbani.»

Ngoie akanishika koti. «Mujomba, niko mugonjwa?»

Nikamushika mukono, tukarudi nyumbani. Unakumbuka ile kamba ya shanga uliyomufunga kiunoni? Kila mara ulipoilegeza ulinionyesha: «Tazama, ameongezeka.» Hukuwa na mizani wala karatasi, na hukukosea. Mimi wakati wa kuzaliwa kwake nilikuwa kazini mbali, ku Kipushi. Uliniambia tu, «Alikuja na nzige.» Sasa nzige zilikuja mara mbili! Za kwanza, miaka tisa sasa, ao za pili, miaka saba? Nimeuliza mama Kabwe, jirani yako, anasema za kwanza. Bwana yake anasema za pili. Bamegombana mpaka chakula kikaungua. Usiku namutazama mutoto amelala, naona iko muzima. Asubui namuona katikati ya benzake, naogopa.

Nakukumbuka sana. Ungekuwa hapa ungenicheka, halafu ungejibu kwa neno moja.

Lala salama, yaya. Kesho asubui naenda kwa sista, kabla hawajamuchukua, kumwambia kitu sijamwambia muntu. Siku ya kumuandikisha mu masomo, miaka miwili iliyopita, mwalimu aliamuru kila mutoto apitishe mukono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Asiyefika, bado ni mudogo, hajatimiza miaka saba. Vidole vya Ngoie havikufika. Mwalimu alipoinama kuandika, mimi nilimuvuta sikio juu mpaka likagusa vidole.

Ndugu yako mudogo,
mujomba wa Ngoie