Simu Iliyomzeekea Masika Mikononi

Jumanne, Butembo. Manyunyu tangu alfajiri, na ukungu bado umelala juu ya mitaa ya chini. Nimekunywa chai mara mbili bila kusikia ladha yake. Nakaa, nasimama, nafungua mlango, naufunga.

Sauti ya Masika haikuja leo asubuhi.

Kwa anayesoma hapa kwa mara ya kwanza: Masika ni mdogo wangu, mjane, mwenye shamba la kakao kule Eringeti. Kabla ya kushika panga na kikapu, husikiliza kwanza ujumbe wa sauti katika kundi la wakulima wa upande ule. Aliyepita njia fulani husema amekuta nini. Aliyesikia milio ya bunduki husema ilitoka wapi. Kisha kila mtu huamua kama leo ni kwenda, ni kubaki, au ni kupita njia ya juu. Masika akishasikiliza, hunitumia mimi sauti yake fupi kusema ameamka na atapita wapi. Nami humjibu. Siku yangu huanzia hapo.

Masika hasomi vizuri. Wazazi wetu walinipeleka mimi shule, yeye wakampeleka shambani, kwa hiyo ujumbe wa maandishi kwake ni mapambo tu. Kumpigia nako ni bahati, maana mtandao pale kwake huja na kuondoka. Ujumbe wa sauti una subira kuliko sisi. Hungoja mtandao urudi, kisha huingia wenyewe.

Juzi aliniambia, huku akicheka, kwamba simu imeanza kumwonyesha maandishi kila akiifungua. Jirani yake alimsomea: programu ya ujumbe tunayoitumia sote itaacha kufanya kazi kwenye simu hii. Nikamwambia atulie, nitauliza. Leo ndiyo kimya.

Nilimpigia asubuhi, nikaambiwa na mashine kwamba hapatikani. Nikapiga tena, mashine ileile. Kuna miji ambako simu ikinyamaza, watu husema betri imekwisha na kuendelea kula. Huku kwetu kimya kina maana mbili, na moja ya hizo sitaiandika.

Kukaa kulinishinda. Nikachukua mwavuli, nikateremka hadi kwa fundi wa simu karibu na soko, nikamtajia aina ya simu ya Masika na kumwuliza kama haiwezi kuwekewa mfumo mpya. Aliinua uso, akanitazama kwa huruma ya kuchokoza.

"Muzee, ile telefone ilishaingia retraite. Hata weye ulishaingia. Juu ya nini unaikatalia?"

Watu waliokuwa kwenye benchi walicheka. Nami nilicheka, kwa sababu ni kweli nimestaafu.

Nilikuwa mtaalamu wa kilimo kwa miaka mingi, na kazi yenyewe ilikuwa kuwaeleza wakulima wa kahawa kwa nini dawa iliyofaa jana haifai leo. Ngoja nieleze na hili. Mikono yangu inahitaji kazi. Sasisho la simu, mise à jour kama tunavyosema hapa, ni kama dawa ya kahawa. Wezi na virusi hubadilika, na programu nazo hubadilika, kwa hiyo mfumo wa simu lazima utibiwe upya mara kwa mara. Kampuni iliyoitengeneza huahidi kuitibu kwa miaka kadhaa. Miaka ikiisha, matibabu yanasimama. Simu haivunjiki. Kioo ni kizima, betri inashika, tochi inawaka. Lakini programu mpya zinaanza kuikataa, moja baada ya nyingine.

Na miaka hiyo inahesabiwa tangu simu ilipotoka kiwandani. Haihesabiwi tangu siku Masika alipoishika.

Simu ile aliinunua binti yangu Katungu, anayeuza vitambaa hapa mjini. Alipopata nyingine, aliniletea mimi. Niliitumia vizuri, na Katungu aliponinunulia mpya, mimi nikampa Masika. Ndivyo tunavyofanya na simu, na makoti, na magodoro. Kitu huanzia kwa mwenye nacho, hupita kwa wakubwa, kisha huteremka kwa wadogo na kwa walio mbali. Tunaliita hilo upendo, na kweli ni upendo. Nani angetupa simu nzima wakati ana mdogo wake?

Lakini fuata safari yake. Kwa Katungu ilikuwa ya kuonyesha wateja picha za vitambaa. Kwangu ilikuwa ya kusoma habari na kuandika shajara hii. Kwa Masika ndiyo ilikuwa ya kujua njia gani isipitwe. Kila ilivyozeeka, ndivyo ilivyopewa kazi nzito zaidi.

Hilo ndilo lililonizungusha chumbani asubuhi nzima.

Mchana simu yangu iliita. Namba ngeni. Nilisita kuipokea, nakiri.

"Yaya, niko! Telefone njo ilikufa, miye hapana!"

Ni Masika, anayeniita yaya kama huku kwetu mdogo anavyomwita kaka yake mkubwa. Alikuwa anatumia simu ya jirani. Nilikaa chini. Akanisimulia kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya chumvi. Alipoamka, programu ilikataa kabisa kufunguka. Hakusikia chochote, na majani yalikuwa yanaimeza kakao, basi akaenda, kwa njia ya chini aliyoizoea. Karibu na kijito akakutana na wanawake wanarudi mbio, vikapu vitupu.

"Balinirudisha mu njia, yaya. Balisema kule hapana fika. Bote balisikia mu groupe, ni miye tu sikusikia."

Ni yeye tu hakusikia.

Hapohapo nilimwambia nitampa simu yangu. Bado itatibiwa kwa miaka kadhaa, nimeangalia. Akakataa kabla sijamaliza.

"Aa, yaya! Kwetu balionaka wapi mudogo kubeba telefone ya muzuri kupita ya mukubwa? Batu batasema nilikunyanganya."

Ninamwelewa. Nasi tumelelewa hivyo: mkubwa akikosa, mdogo hashibi mbele yake. Kumwambia kwamba mila imekosea kungechukua wiki, na wanawake wale huenda wasiwepo kijitoni kesho. Nikatafuta njia ndani ya mila yenyewe. Nikamwambia kwamba sitoi zawadi, nataka tubadilishane. Anirudishie ile ya zamani, nina picha zangu humo sikuzitoa. Na kama bado anabisha, basi si ombi, mkubwa wake ameagiza. Akacheka.

"Haya. Kama ni kubadirisha."

Nilidhani kazi imekwisha. Katungu alipopita kuniletea ndizi, nikamweleza, akaweka mikono kiunoni.

"Papa! Weye njo mukubwa, na weye njo unabaki na telefone mufu? Batu batasema niko natesa baba yangu!"

Aliahidi kumtafutia shangazi yake simu nyingine, mwezi ujao pengine, biashara ikichangamka. Na hapa nitasema ukweli: kwa muda kidogo nilitamani kukubali. Ninaipenda simu hii. Ninaandikia hapa. Wajukuu wa Kampala huniimbia humu.

Nikamwuliza Katungu: mwezi ujao, asubuhi ngapi zitakuwa zimepita?

Alichukua chaja ukutani, akaikunja vizuri na kuitia mkobani. Kesho alfajiri atapita kuchukua simu hii yenyewe, kisha aende Beni na vitambaa. Huko ataikabidhi kwa mume wa yule jirani, anayeendesha gari la kakao kati ya Beni na Eringeti. Tumeshaondoa picha zangu na maandishi yangu ya zamani, na kesho jioni, njia ikiwa shwari, Masika atakuwa nayo.

Kwa hiyo hili ndilo andiko langu la mwisho kwa kitambo. Ile ya zamani ikifika, itanifaa kwa tochi na kwa saa. Sauti ya Masika itaingia kwenye simu ya Katungu, naye ataniletea habari akipata nafasi, labda saa nne, labda mchana.

Je, nitaweza kukaa hadi mchana bila kujua? Leo sikuweza hata saa moja. Nitafungua mlango, nitaufunga. Nitakunywa chai isiyo na ladha.

Lakini mimi nisiposikia, nitahangaika tu. Yeye ndiye anayetoka na panga.