Ngamia wa Jaladani

Jumanne, baada ya isha

Na mimi nilidhani nimemaliza. Wiki mbili nimechora jalada la hadithi ya msichana anayemwokoa ngamia wake kutoka kwa fisi, na leo mchana nikamwonyesha Ayeeyo, bibi yangu, anisifu tu. Akaitazama picha kwenye simu yangu.

"Huyu ngamia ni wa nani? Shingoni hana chapa ya ukoo. Watu watasema msichana wako ameiba."

Nilikasirika, kwa sababu ni kweli. Hata ngamia wa sokoni hapa Garissa wana chapa za koo zao. Lakini nikiweka ya ukoo wetu, watoto wa koo nyingine kule Buna na Banissa watasema kitabu si chao. Mhariri yuko Nairobi, anataka picha kesho, na jambo hili sijui nitamweleza vipi kwa meseji.

Alasiri wazo likanijia. Nikamchora msichana amemkumbatia ngamia shingoni, mtandio wake mwekundu ukafunika pale pale pa chapa. Picha nzima ikapata uhai.

Nikarudi kwa Ayeeyo. Akatabasamu. "Vizuri. Umeificha chapa yetu."

Jirani yetu Hodan, ambaye ukoo wake ni mwingine, alikuwa hapo akinywa chai. Akaichukua simu, akaikuza picha kwa vidole.

"Yenu wapi," akasema. "Huyu ngamia ni wetu."

Nikaichukua simu, nikawaacha wanabishana, nikaenda kumtumia mhariri picha.