Vyungu Kumi na Kimoja Ndani ya Tuta

Mdogo wangu,

Mama amesema leo asubuhi kwamba tuta lako la kurukia baiskeli halitapasuka tena. Amelijenga upya mwenyewe, wiki mbili, kila jioni akimaliza kufinyanga.

Huku hatujambo. Paka amezaa ndani ya kapu la nguo chafu. Shangazi anasema kwake unakula vizuri ila huongei.

Nilikuwepo siku ile tuta lilipomeguka ukaangukia vyungu vya Mama vilivyoanikwa. Nilisikia pia alichokuambia: "Ondoka na baiskeli yako, usirudi." Hajayataja tena maneno hayo.

Juzi nilimkuta uani anatwanga vigae.

"Vya nini, Mama?"

"Udongo wa mfinyanzi ukiwa mtupu hupasuka ukikauka. Lazima uutie vigae. Huyo ndugu yako angeniuliza ningemwambia, lakini atauliza wapi, na kichwa kigumu kile!"

"Amekirithi kwa nani?"

"Kwa baba yake," akasema. Baba akakohoa dirishani.

Vigae hivyo ni vya vile vyungu kumi na kimoja ulivyovunja. Amevichanganya vyote kwenye udongo, akashindilia tuta kwa mchi, akalifunika kwa magunia yaliyolowa ili likauke polepole. Vijana wa mtaani wakija kulijaribu anawafukuza: "Mwenyewe hajafika."

Magunia yataondolewa Jumamosi, saa nne asubuhi. Mama ameniagiza nikutajie saa hiyo, na nikuambie uje na baiskeli.

Dada yako