Gasketi ya Jalada la Daftari

Jumamosi, 21 Aprili 1990

Petro,

Mvua tangu asubuhi. Nimesugua kutu kwenye madigadi ya kushoto hadi vidole vimetoka malengelenge. Msasa umebaki kipande kimoja.

Naandika kwenye daftari lako la gari. Ulilijaza hadi mwezi wa tisa, mwezi mmoja kabla hujatutoka. Mstari wako wa mwisho unasema: "Kabureta imefungwa. Safi." Kurasa chache zimebaki nyuma yake. Naona vibaya zikae tupu. Jalada la nyuma halipo, ulilikata wewe ukatengeneza gasketi ya hiyo kabureta.

Yohana amekuja, na Domitila mkewe. Tangu matanga alikuwa hakanyagi hapa. Mwanamume hawezi kushinda bandani na mjane wa rafiki yake, watu wangesema. Mwezi uliopita nikatembea hadi kwake Kibingo, nikamwambia aje na mkewe basi. Sasa wanakuja wote kila Jumamosi, kama mlivyozoea ninyi wawili. Yeye analala chini ya Landrova, mimi nampa spana, Domitila anakaa juu ya gunia anasuka kikapu. Spana haijui, ila maneno anayo.

"Ma Asela, mke mwenza kaamkaje?"

Kijiji kizima bado kinaiita Landrova hivyo, mke mwenza wangu. Nimemjibu kaamka salama, anaomba rangi.

Kazi iliyobaki ni breki, rejeta inayovuja, na petroli. Jumamosi ndiyo siku pekee ninayokula nikashiba.

Jumanne, 24 Aprili

Shemeji Simeoni amefika kutoka Ihembe. Nimempa shikamoo, nimemletea kahawa ya kutafuna. Ametafuna taratibu, anatazama banda. Nikajua.

Ukoo umemwachia yeye shauri la vitu vyako. Shamba na nyumba ni vyangu, hakuna neno. Lakini banda anataka liwe la kahawa, maana ya mwaka jana ilinyeshewa. Kuna mtu wa vyuma chakavu atapita baada ya Pentekoste.

Nimesema Landrova itatembea.

"Shemeji, miaka ishirini na moja nasikia itatembea. Ndugu yangu alipita mbele ya gari lake amebebwa mgonjwa kwenye machela."

Hakupaza sauti. Yeye ndiye aliyeshika ule mti wa mbele wa machela siku ile, hadi barabarani. Bega lilichubuka. Nililipaka mafuta mimi.

Tumekubaliana hivi. Siku ya Pentekoste, Landrova ikipanda hadi kanisani kwa nguvu zake, bila ng'ombe na bila kusukumwa, itabaki kwangu na hakuna atakayeitaja tena. Ikishindwa, inakwenda kwa mtu wa vyuma.

Nimekubali kwa sababu ni haki. Nimekasirika kwa sababu hiyo hiyo.

Jumamosi, 28 Aprili

Breki. Yohana chini, mimi kwenye kiti. Kanyaga. Shikilia. Achia. Maneno yale yale uliyokuwa ukinipigia kelele toka chini, binti yetu Kemi akinyonya mapajani mwangu. Sasa Kemi ameolewa Bukoba na mguu wangu bado unajua. Kufika saa kumi kanyagio lilikuwa gumu kama jiwe. Gurudumu linashika.

Tulikuwa tunatafuta nati za gurudumu. Nimezikuta juu ya dari, zimefungwa kwenye majani makavu ya mgomba, fundo lako. Kila nati na bolti ulizifunga hivyo, kama kahawa ya kumpa mgeni. Nikamkumbusha Yohana siku ulipompa mchungaji kifurushi, akakifungua mbele ya wazee wa kanisa akakuta bolti nne. Yohana amecheka hadi akagonga kichwa kwenye ekseli.

Jumamosi, 5 Mei

Fundi wa sufuria amelehemu rejeta. Haivuji. Amekataa malipo. Anataka kupandishwa siku moja, akae mbele.

Jumatano, 9 Mei

Kayanga hakuna petroli, wiki ya pili sasa. Dereva wa lori la kahawa, yule uliyemfundisha darasa la nne, ameniahidi dumu moja. Atapita kesho alfajiri, hatasimama sana. Nimesuuza dumu la jikoni mara mbili, nimeliinamisha uani likauke. Usiku mvua imenyesha, nimeliingiza ndani.

Nina wasiwasi kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Alhamisi, 10 Mei

Nimeipata. Lita ishirini. Nimeibeba kichwani toka barabarani, nikifika mlangoni shingo haigeuki. Harufu ya petroli imeingia kwenye kitenge. Sikukifua. Ndiyo ilikuwa harufu yako ya Jumamosi.

Jumamosi, 19 Mei

Imewaka.

Tumeazima betri ya kipaza sauti cha usharika. Yohana alizungusha hendeli mbele mara saba, mara ya nane ikakohoa. Ya tisa ikashika. Moshi ukajaa banda, kuku wakaruka ukuta. Domitila akatupa kikapu akapiga vigelegele, yeye anayeisema vibaya kila wiki. Yohana akasimama na hendeli mkononi, machozi yanamtoka, akasema ni moshi.

Nilisikiliza. Nilikaa miaka jikoni nikiisikiliza ikikataa, naijua sauti yake. Leo ilikuwa nzuri, nzito, bila kugongagonga.

Tumeitoa uani, tumeirudisha. Hatua kumi na tano. Nimefurahi mno. Halafu nimeona haya kufurahi hivyo bila wewe. Halafu nimefurahi tena.

Jumamosi, 26 Mei

Siku mbaya.

Tulitaka kuijaribu kwenye mwinuko wa nyuma ya migomba kabla ya ule wa kanisani. Ilipanda nusu. Ikakohoa, ikapumua, ikakohoa, ikazima. Yohana akaiwasha, ikaenda hatua tatu, ikazima. Mara ya tano haikujibu kabisa. Majirani wameisukuma kurudi bandani. Hawakucheka. Afadhali wangecheka.

Yohana amekagua plagi, zote zinatoa cheche. Platini amezisafisha. Bomba la petroli amelipuliza kwa mdomo, linapitisha. Pampu inasukuma. Kilichobaki ni kabureta. Amefuta mikono.

"Hiyo aliifunga yeye mwenyewe, Mama. Siigusi."

Sikumlazimisha. Ukweli ni kwamba hata mimi sikutaka. Ile gasketi ni kitu cha mwisho ulichokata kwa mikono yako. Imeshikana na chuma. Ukifungua, inachanika. Na wewe uliandika "safi." Tukasema basi tatizo si hapo. 

Siku nane zimebaki.

Jumatatu, 28 Mei

Kahawa ya bondeni imeanza kuwa nyekundu. Shemeji ana haki, banda litahitajika. Nimepalilia hadi giza, sikuingia bandani.

Ijumaa, 1 Juni

Nataka kuandika hili taratibu.

Pentekoste hatuwezi kukaa bila lubisi, pombe yetu ya ndizi. Wageni watakuja, hata kama watakuja kunipa pole. Juzi vijana wa jirani walikamua ndizi, mimi nikakaanga mtama nikausaga, tukachanganya kwenye mtumbwi wa pombe, tukafunika majani. Leo nilikuwa nachuja. Dumu la kwanza likajaa. La pili nikalitazama ndani kabla sijamimina, chini kumegandamana machicha ya mtama, makavu, kama uji uliokaukia sufuriani. Mdomo wa dumu ni mdogo, mkono haupiti. Ukisuuza, maji yanapita juu yake tu.

Nikakaa chini pale pale.

Hili ni pacha wa lile dumu la petroli. Yote mawili ni ya lubisi, tangu harusi ya Kemi. Nililisuuza mara mbili nikadhani ni safi. Petroli ikaja ikatikiswa kichwani kwangu toka barabarani hadi nyumbani. Ikabandua kila kitu.

Nimeilisha Landrova mtama, Petro.

Nilikwenda bandani nikaigusa kabureta yako. Kama makapi yamefika popote, yamefika humo. Nimeona aibu, nimecheka peke yangu, nimeona aibu tena. Kumwambia Yohana ni lazima. Kuifungua pia ni lazima. La pili ndilo linaloniuma.

Jumamosi, 2 Juni

Wamefika mapema. Nimesema yote nikiwa nimesimama, kama mtoto mbele ya darasa.

Domitila ndiye wa kwanza kucheka. "Kumbe umemlewesha mke mwenza. Ndiyo maana alishindwa kupanda mlima."

Yohana alitazama kabureta muda mrefu. Kisha akanipa bisibisi. "Fungua wewe. Akikasirika, mtamalizana."

Nimeifungua. Skrubu nne. Gasketi ikachanika mara tatu, kipande kimoja kikabaki kwenye chuma na nusu ya mstari wa jedwali la kuzidisha lililopigwa chapa nyuma ya daftari, "tatu mara tisa". Nikakikwangua kwa kucha. Nilidhani nitalia. Sikulia, maana chini ya bakuli kulikuwa na tope la rangi ya uji, na kwenye kile kitundu chembamba cha petroli, ganda moja la mtama limekaa kama limepimwa.

Ulikatazaga waya. Ulisema waya unapanua tundu na gari litakunywa kama yule mlevi Zakaria. Ulitumia unywele wa mkia wa ng'ombe. Domitila ametoka kuutafuta kwa jirani, amerudi na nywele sita na kidole kilichokanyagwa. Wa pili ukapita. Nikapuliza, nikauona mwanga upande wa pili.

Tanki tumelishusha na kulisafisha. Petroli tumeichuja kupitia leso yako nyeupe ya kwaya, mara mbili. Yamebaki makapi ya kujaa kiganja. Leso imeharibika. Sikujuta.

Ikabaki gasketi. Nimechukua jalada la mbele la daftari hili. Nikaliweka juu ya chuma, nikaligongagonga pembeni kwa kichwa cha nyundo, polepole, hadi umbo likatokea, kama nilivyokuona ukifanya. Mara ya kwanza nilikata vibaya tundu la skrubu. Ya pili ikakaa. Jina lako uliloliandika pale juu limeingia ndani, kati ya chuma na chuma.

Imewaka hendeli ya pili. Shemeji Simeoni alikuwa amefika jioni hiyo, amesimama mlangoni na mwavuli. Aliitazama. Akauliza maji ya kunawa yako wapi.

Jumapili, 3 Juni. Pentekoste

Yohana usukani, Domitila katikati, mimi dirishani. Fundi wa sufuria nyuma, maana mbele pamejaa, amenuna hadi darajani. Nyuma yake kwaya nusu. Nilisema washuke mwinuko ukianza, hawakushuka.

Barabara ilikuwa na utelezi. Mwinuko wa kanisani unaujua, ule ambao baiskeli husukumwa na wenye baiskeli. Yohana akaingiza gia ya kwanza. Nilifumba macho nikasikiliza. Kwenye kona ya mkaratusi ilipunguza sauti. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu tupu. Kisha ikachukua tena, nzito, ile ile.

Tulipofika juu kengele ilikuwa haijapigwa.

Shemeji alitangulia kwa miguu makusudi, ili aone. Alikuwa ameketi kwenye ngazi. Akainuka, akaizunguka Landrova yote, akaweka kiganja juu ya boneti ikamchoma, akakitoa. Akanigeukia.

"Kahawa utaianika wapi?"

"Kwenye mikeka, shemeji. Mvua ikija, chini ya gari."

Akaitikia kwa kichwa. Ibada ilipokwisha alikuwa tayari amekaa ndani, kiti changu, mkungu wa ndizi mapajani. Akasema miguu inamuuma, apelekwe hadi njia panda ya malori. Njiani, pale tulipokupitisha kwenye machela, alivua kofia. Nilimwona toka nyuma. Hakuirudisha kichwani hadi aliposhuka.

Jumamosi, 9 Juni

Mvua imekatika. Nimechuma debe tatu za kahawa na kuzimwaga mikekani. Landrova iko uani, mlango wazi, kuku mmoja ameanza kutagia kwenye kiti cha nyuma. Nimemwacha.

Yohana na Domitila wamekuja ingawa kazi hakuna. Tumekaa tu, tumetafuna kahawa. Yohana anasema madigadi ya kulia nayo inataka msasa. Nimefurahi kusikia hivyo.

Huu ni ukurasa wa mwisho. Daftari halina jalada la mbele wala la nyuma, nimelifunga kwa jani kavu la mgomba, fundo lako. Litakaa juu ya dari na nati zilizobaki.

Huko uliko, ukiulizwa gari lako lilipandaje, wataje Yohana na Domitila kwanza. Kisha unikumbuke na mimi, Asela, niliyekuwa nakukanyagia breki.